Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Ugatuzi wa Udhibiti wa Majanga na Nafasi ya Jamii na Lugha Kaskazini mwa Bonde la Ufa

Ikisiri

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka udhibiti wa majanga mikononi mwa serikali mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Makala haya yanachunguza maana ya mgawanyo huo kwa wenyeji wa miteremko na mabonde yanayouzunguka mji wa Eldoret, ambako maporomoko ya ardhi na mafuriko yaliua watu mwaka 2019, 2020 na 2025. Hoja yetu ni kwamba kugatua fedha na mamlaka pekee hakutoshi. Ugatuzi wa udhibiti wa majanga hukamilika pale neno la tahadhari linapomfikia mwanakijiji kwa lugha aielewayo, naye akawa na njia ya kulijibu. Kwa sababu hiyo, suala hili linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kama linavyowahusu wahandisi na maafisa wa utawala.

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika eneo la Chesongoch, Marakwet Mashariki, Kaunti ya Elgeyo-Marakwet. Udongo, mawe na miti viliteremka kutoka ukingo wa Bonde la Kerio na kuzifunika nyumba za watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha na wengine wakatoweka. Barabara zilikatwa na matope na maji, hata ikabidi majeruhi waliokuwa na hali mbaya wasafirishwe kwa ndege hadi Eldoret ili watibiwe.

Kisa hicho hakikuwa cha kwanza katika ukanda huu. Mnamo Novemba 2019, maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya Pokot Magharibi, katika vijiji kama Nyarkulian na Parua, yaliua zaidi ya watu 40, na madaraja yaliyosombwa yakawazuia waokoaji kuwafikia wahasiriwa. Mwezi Aprili 2020, mafuriko yenye matope na mawe yalikikumba kituo cha biashara cha Chesogon, kilicho mpakani mwa Elgeyo-Marakwet na Pokot Magharibi. Kila mara, taifa liliomboleza, viongozi wakazuru, misaada ikaletwa. Kila mara pia swali lile lile liliulizwa: je, watu hawa hawakuonywa?

Makala haya yanaligeuza swali hilo kidogo. Badala ya kuuliza iwapo watu walionywa, yanauliza: onyo lilitoka wapi, lilipita mikononi mwa nani, lilisemwa kwa lugha gani, na lilimtaka msikilizaji afanye nini? Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii inaeleza kwa ufupi kiini cha nadharia nzima ya kugatua udhibiti wa majanga: aliye karibu na hatari ndiye wa kwanza kuiona, ndiye wa kwanza kuumia, na ndiye wa kwanza kuokoa. Hata hivyo, fimbo iliyo karibu haina faida iwapo mwenye nayo hajui kwamba nyoka amekwisha kuingia ndani. Hapo ndipo suala la lugha linapojitokeza.

2.0 Istilahi za msingi

Mjadala wowote wa kitaaluma huanza kwa kubainisha maneno. Katika Kiswahili, maneno *hatari*, *janga*, *maafa*, *balaa* na *msiba* hutumiwa katika mazungumzo ya kawaida kana kwamba yana maana moja. Kwa madhumuni ya makala haya, tunapendekeza yatofautishwe. *Hatari* ni jambo linaloweza kudhuru, kwa mfano mvua kubwa juu ya mteremko mkali. *Janga* hutokea pale hatari inapowakuta watu ambao hawakujiandaa au hawana uwezo wa kuikwepa. *Maafa* ni hasara inayosalia: vifo, majeraha, nyumba na mashamba yaliyoharibika.

Tofauti hii si ya kupamba maneno tu. Ikiwa mvua yenyewe ndiyo janga, basi hakuna la kufanya ila kusubiri na kuomba. Lakini ikiwa janga ni mkutano wa mvua na nyumba iliyojengwa pasipofaa, miti iliyokatwa mlimani na onyo lisilofika, basi yapo mengi ambayo mwanadamu anaweza kuyabadilisha. Lugha yetu imebeba mitazamo yote miwili. Tunayo methali *ajali haina kinga*, ambayo humfariji mfiwa lakini pia huweza kumpa mzembe pa kujificha. Tunayo pia *tahadhari kabla ya hatari*, inayodai kwamba mwanadamu ana wajibu. Sera yoyote ya majanga huegemea mojawapo ya methali hizi mbili, iwe imesema hivyo au haikusema.

Ni vyema kutaja pia kwamba matumizi hutofautiana kati ya nchi. Katika lugha rasmi ya Tanzania, neno lililozoeleka ni *maafa*. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2015 ilijulikana kuwa ya usimamizi wa maafa. Nchini Kenya, vyombo vya habari na ofisi za serikali hupendelea *majanga*. Vilevile, neno *ugatuzi*, linalotokana na kitenzi *gatua*, lilienea mno nchini Kenya baada ya Katiba ya mwaka 2010, ilhali Tanzania ilikuwa imekwisha kulijaribu wazo la kupeleka madaraka mikoani tangu mwaka 1972.

3.0 Kutoka Nairobi hadi kijijini: mamlaka yamefika wapi?

Kabla ya mwaka 2010, udhibiti wa majanga nchini Kenya ulifuata ngazi ya utawala wa mikoa. Chifu alitoa taarifa kwa afisa wa tarafa, naye kwa mkuu wa wilaya, naye kwa mkuu wa mkoa, hadi Nairobi. Msaada nao ulishuka kwa ngazi iyo hiyo. Kituo cha Taifa cha Kushughulikia Majanga kilianzishwa mwaka 1998, mwaka ambao Kenya ilikuwa inajikwamua kutokana na mvua za El Niño na ambao pia, tarehe 7 Agosti, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulilipuliwa kwa bomu. Mnamo mwaka 2011 iliundwa Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame. Kando ya serikali, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoanzishwa kisheria mwaka 1965, liliendelea kuwa tegemeo la wengi kutokana na wahudumu wake wa kujitolea walioko mashinani.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mpangilio huo. Jedwali lake la Nne linaitaja kazi ya kudhibiti majanga mara mbili: katika orodha ya majukumu ya serikali ya kitaifa, na tena katika orodha ya majukumu ya kaunti, ambako imeunganishwa na huduma za kuzima moto. Orodha hiyo ya kaunti inataja pia jukumu la kuhakikisha kwamba jamii zinashiriki katika uongozi wa mahali zilipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaziruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka huo huo inaeleza ngazi za kaunti ndogo, wadi na kijiji, na kutoa nafasi ya kuwapo kwa baraza la kijiji lenye msimamizi na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano.

Kwa maandishi, basi, ngazi imefika kijijini. Kwa vitendo, matatizo matatu hujitokeza.

Kwanza, kuna ngazi mbili badala ya moja. Chifu na naibu wake huwajibika kwa serikali ya kitaifa, ilhali msimamizi wa wadi huwajibika kwa gavana. Mwanakijiji akiuona ufa mpya mlimani saa nne za usiku, anapaswa kumpigia nani simu kwanza? Pasipo jibu moja linalojulikana na wote, kila mmoja humdhania mwenzake kuwa ameshughulikia.

Pili, fedha za dharura kwa kawaida hutolewa baada ya tukio. Ni rahisi kueleza kwa nini magodoro na unga vilinunuliwa kwa ajili ya waathiriwa. Ni vigumu zaidi kueleza kwa nini fedha zilitumika kuwafunza wazee wa kijiji kuhusu dalili za maporomoko ambayo hayakutokea. Hivyo udhibiti hugeuka kuwa utoaji wa misaada, na kinga husahauliwa.

Tatu, maji hayajui mipaka ya kaunti. Mto Sosiani unaopita katikati ya Eldoret huingia katika Mto Kipkaren, nao huungana na Nzoia, ambao huenda kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria baada ya kupita Budalang'i, Kaunti ya Busia. Mvua ya Uasin Gishu na vilima vya Cherangani huweza kuwa mafuriko ya Budalang'i baadaye. Chesogon nako, mto mmoja uliwaangamiza watu wa kaunti mbili katika usiku mmoja. Kugatua hakuwezi kumaanisha kila kaunti kujifungia ndani ya ua wake. Kazi ya kutazama mto mzima hubakia kuhitaji mkono wa kitaifa, na pengine ndiyo sababu Katiba iliitaja kazi hii mara mbili.

4.0 Jamii kama mtendaji wa kwanza

Katika maandishi mengi kuhusu majanga, jamii hutajwa kama "waathiriwa" au "walengwa". Istilahi hizi humfanya mwanakijiji kuwa mtendwa. Uzoefu wa eneo letu unaonyesha vingine.

Wamarakwet wa ukingo wa Bonde la Kerio wanajulikana kwa mifereji yao ya kunyunyizia mashamba maji, ambayo imekuwapo kwa karne kadhaa. Mifereji hiyo huyachukua maji ya mito itokayo katika vilima vya Cherangani na kuyateremsha kwenye miamba mikali hadi mashamba ya bondeni. Hakuna mfereji wa namna hiyo unaoweza kudumu bila utaratibu: koo zina zamu zao za maji, kuna sehemu ambazo kila ukoo huzitunza, na mfereji ukibomoka watu huitwa kuukarabati. Kwa maneno mengine, kwa muda mrefu kabla ya neno *ugatuzi* kuzoeleka, miteremko hii ilikuwa na mfumo wa kulitambua tatizo la maji, kuwaita watu na kugawana kazi. Halikadhalika, mikutano ya wazee katika jamii za Wakalenjin, ijulikanayo kama *kokwet* au *kokwo*, ilikuwa mahali pa kuamulia mambo ya kijiji kizima. Kamati ya majanga inayoundwa bila kuyatazama mabaraza haya hujenga ngazi ya tatu palipokuwa tayari na mbili.

Mfano mwingine unatoka Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ambako ukoo wa Nganyi umejulikana kwa utabiri wa mvua kwa kutazama miti, wadudu, ndege na upepo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa hali ya hewa walikaa na wazee wa ukoo huo, wakalinganisha utabiri wa pande zote mbili na kutoa kauli ya pamoja kwa wakulima. Manufaa ya mpango huo hayakuwa ya kisayansi tu. Wanakijiji walipewa utabiri na watu waliowaamini, kwa lugha waliyoizoea, na wataalamu nao wakapata njia ya kusikia kilichokuwa kikionekana mashambani.

Nje ya Afrika Mashariki, visa viwili vinatufaa. Baada ya kimbunga cha mwaka 1970 kuua watu laki kadhaa katika nchi ambayo sasa ni Bangladeshi, serikali ya nchi hiyo na shirika la Hilali Nyekundu ziliunda mpango wa watu wa kujitolea katika vijiji vya pwani. Hao, ambao idadi yao imepita 70,000, hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na bendera na vipaza sauti kutangaza onyo na kuwaongoza watu kwenye majengo ya kujihifadhi. Vimbunga vya nguvu viliendelea kuipiga nchi hiyo, lakini idadi ya vifo ilipungua mno.

Kisa cha pili ni cha kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia. Mwaka 1907, wimbi kubwa la bahari liliua watu wengi kisiwani humo. Walionusurika waliliita *smong*, na neno hilo likahifadhiwa katika masimulizi na nyimbo za kuwabembeleza watoto: ardhi ikitetemeka kwa nguvu kisha bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilitetemeka. Watu walipiga kelele "smong", wakakimbia. Kati ya wakazi wapatao 78,000 wa kisiwa hicho, waliofariki walikuwa 7, ilhali ng'ambo ya pili, katika jimbo la Aceh, watu zaidi ya laki moja waliangamia. Hapakuwa na king'ora wala simu ya mkononi iliyowaokoa watu wa Simeulue. Walikuwa na neno moja lenye maana moja, ambalo mtoto na mzee walilielewa sawasawa, na ambalo ndani yake mlikuwa na agizo la kutenda.

Kwa msomi wa fasihi simulizi, kisa hiki kina uzito wa pekee. Tumezoea kuorodhesha dhima za fasihi simulizi: kuburudisha, kuelimisha, kuhifadhi historia. Hapa tunaona dhima ya kuokoa uhai ikitimizwa baada ya miaka 97.

5.0 Neno la tahadhari na safari yake

Tuitazame sasa safari ya onyo nchini Kenya. Utabiri wa mvua huandaliwa na Idara ya Hali ya Hewa, na tangu ugatuzi uanze idara hiyo imekuwa na wakurugenzi katika kaunti. Mara nyingi taarifa huandikwa kwanza kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mwanahabari huifupisha kwa Kiswahili. Chifu au mzee huisikia redioni, kisha huieleza barazani kwa lugha ya mama. Katika kila kituo cha safari hiyo, kitu hupotea.

Fikiria msemo "mvua ya juu ya wastani". Kwa mkulima wa mahindi wa Moiben, maneno hayo ni habari njema: msimu utakuwa mzuri. Kwa mama anayeishi chini ya mteremko wa Chesongoch, maneno yale yale yanapaswa kuwa onyo. Msemo wenyewe haumwambii yeyote kati yao afanye nini. Wastani wa nini? Juu kwa kiasi gani? Lini? Hata neno *maporomoko* lina utata wake, kwani kwa wasikilizaji wengi picha ya kwanza ni ya maji yanayoanguka kwenye mwamba, si ya ardhi inayotembea. Mtangazaji asiyeongeza "ya ardhi" au "ya udongo" anaweza kueleweka visivyo.

Ili kufafanua hoja hii, tulinganishe matini mbili ambazo tumezibuni kwa ajili ya mjadala. Ya kwanza inafuata mtindo wa kiofisi:

*Mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24 inatarajiwa kushuhudiwa katika nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa. Wakazi wa maeneo yaliyo katika hatari ya maporomoko wanashauriwa kuchukua tahadhari zifaazo.*

Ya pili inasema jambo hilo hilo kwa namna nyingine:

*Tangu leo jioni hadi kesho asubuhi, mvua kubwa itanyesha milimani. Ikiwa nyumba yako iko chini ya mteremko au kando ya mto, msilale humo usiku wa leo. Nendeni kwa jamaa au shuleni, mahali palipo mbali na mteremko na mto. Mkiona ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, au maji ya mto yakipungua ghafla na kugeuka matope, ondokeni papo hapo na msirudi kuchukua mali. Mwambieni jirani, kisha mpigieni mzee wa kijiji.*

Matini ya kwanza ni sahihi kisarufi, na mwandishi wake hawezi kulaumiwa kwa kutosema ukweli. Hata hivyo, haina mtendaji, haina saa wala mahali ambapo msikilizaji anapatambua kuwa ni kwake, na agizo lake limefungwa katika neno "zifaazo", ambalo humwachia msikilizaji mzigo wote wa kuamua. Matini ya pili ni ndefu zaidi, lakini inajibu maswali manne: nini kitatokea, lini, kwa nani, na afanye nini. Aidha, inatumia dalili ambazo mwanakijiji mwenyewe anaweza kuziona kwa macho. Hivyo inamgeuza kutoka msikilizaji hadi mtazamaji na mtoa habari. Kauli ya mwisho, ya kumpigia mzee wa kijiji, inaifanya tahadhari kuwa mazungumzo badala ya tangazo.

Je, Kiswahili kinatosha? Hatuna budi kulijibu swali hili kwa uaminifu, hata kama jibu halikipendezi chama cha Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini kifungu hicho hicho kinaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya na Breli. Katika mitaa ya Eldoret, ambako makabila mengi huishi pamoja, Kiswahili ndicho kiungo na hakuna lugha nyingine inayoweza kushika nafasi yake. Katika kijiji cha bondeni, bibi wa miaka 80 anahitaji kusikia onyo kwa Kimarakwet au Kipokot. Na kijana kiziwi hatausaidiwa na redio kwa lugha yoyote. Anahitaji mtu aliyepewa jukumu la kumgusa bega. Kiswahili basi ni daraja: lugha ambamo istilahi zisawazishwe, ili kutoka hapo zitafsiriwe kwa lugha za mama kwa usahihi na kwa namna moja, si kila chifu kwa jinsi yake.

6.0 Mipaka ya hoja ya ujamii

Ingekuwa kosa kuisifu jamii bila kutaja udhaifu wake. Eldoret yenyewe ni shahidi. Tarehe 1 Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa lililokuwa limewahifadhi watu huko Kiambaa, karibu na mji huu, liliteketezwa kwa moto likiwa na watu ndani. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Eldoret, vituo vya polisi na makanisa. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na ikaeleza jinsi ujumbe wa simu na baadhi ya matangazo ya redio vilivyotumika kuchochea chuki. Katika janga lile, jirani hakuwa mwokozi sikuzote, na neno lililoenea haraka kijijini halikuwa neno la kuokoa. Wapo pia waliowaficha majirani zao. Hali zote mbili ni sehemu ya historia yetu.

Funzo ni kwamba kamati ya kijiji haiaminiki kwa sababu tu ni ya kijiji. Ni lazima kuuliza nani ameketi ndani yake na nani yuko nje: wanawake, vijana, wapangaji, wahamiaji, watu wa kabila lenye wachache. Mahali ambapo mamlaka yamegatuliwa kwa wenyeji wa tangu jadi pekee, mgeni huwa wa mwisho kuonywa na wa mwisho kupewa msaada.

Mpaka wa pili unahusu agizo la kuhama. Kila baada ya maporomoko, wakazi huambiwa wahame miteremko. Agizo hilo ni la haki kwa upande wa usalama, lakini husahau kuuliza kwa nini watu wako pale. Wengi wa wakazi wa ukingo wa Kerio waliikwepa sakafu ya bonde kwa sababu ya wizi wa mifugo na uvamizi wa mara kwa mara. Mteremko ulikuwa ngome yao. Kumwambia mtu ahame kutoka kwenye hatari inayokuja mara moja baada ya miaka kadhaa hadi kwenye hatari ya kila wiki, bila ardhi wala ulinzi, ni kumpa neno lisilotendeka. Jamii inayoshirikishwa mapema hulisema jambo hili mapema.

Mpaka wa tatu ni huu: kugatua si kutelekeza. Kijiji hakiwezi kununua helikopta, kupima mwendo wa miamba wala kuendesha hospitali ya rufaa. Majeruhi wa Chesongoch waliohitaji ndege na upasuaji walihitaji dola yenye nguvu. Serikali inayoiachia jamii kazi bila kuipa vifaa haijagatua mamlaka, imegatua lawama.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza mambo yafuatayo.

(i) Kila kijiji kilicho chini ya mteremko au kando ya mto kiwe na mtu mmoja anayejulikana wa kupokea na kutoa taarifa za hatari usiku na mchana, anayetambuliwa na chifu pamoja na msimamizi wa wadi, ili ngazi mbili zikutane chini.

(ii) Idara zinazohusika ziandae tahadhari kwa Kiswahili tangu mwanzo, badala ya kuzitafsiri baadaye, zikijibu maswali manne tuliyoyataja. Tafsiri za lugha za mama ziandaliwe na kujaribiwa wakati wa kiangazi, si usiku wa mvua.

(iii) Sehemu ya bajeti ya majanga ya kaunti itengewe mafunzo na mazoezi ya vijijini, na si ununuzi wa misaada pekee.

(iv) Kaunti zinazotumia mto mmoja au mteremko mmoja ziwe na utaratibu wa kuarifiana moja kwa moja, bila kungoja taarifa izunguke kupitia Nairobi.

(v) Vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na idara za jiografia na mazingira kusawazisha istilahi za majanga. Aidha, wanafunzi wanaokusanya fasihi simulizi kwa ajili ya tasnifu zao waongeze swali moja katika hojaji: wazee wanakumbuka nini kuhusu mahali ardhi ilipowahi kuporomoka, na majina ya mahali hapo yana maana gani? Jibu linaweza kuwa onyo ambalo mababu walilihifadhi na sisi tukaacha kulisikiliza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ugatuzi wa udhibiti wa majanga una hatua mbili. Ya kwanza ni ya sheria na fedha, nayo Kenya imeianza tangu Katiba ya mwaka 2010 na kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013. Ya pili ni ya lugha na uhusiano: onyo kushuka hadi kwa mwanakijiji, na habari ya mwanakijiji kupanda hadi kwa mwenye uamuzi. Hatua hii ya pili haijakamilika, na gharama yake imeonekana kule Nyarkulian, Chesogon na Chesongoch.

Mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara nyingi shahada yake itaisaidiaje nchi. Jibu moja liko katika mvua ijayo. Mahali fulani juu ya Bonde la Kerio, mtu atauona ufa ardhini jioni. Awe na neno la kuuita, awe na mtu wa kumwambia, na huyo mtu awe na wajibu wa kumsikiliza.